Kabla Hujabadilisha Matairi na Rimu za Trekta Dogo la Fowili: Mwongozo kwa Mashamba ya Mtwara na Lindi

Nilikuwa natoka Ndanda kurudi Masasi, tela limejaa magunia ya ufuta. Kwenye mchanga wa njia ya shambani nilikuwa nimeingiza fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, na nilipopanda lami nikavuta kiwiko ili niitoe. Kikagoma. Nikavuta kwa mikono miwili, hakikusogea. Niliporudisha trekta nyuma hatua mbili, kikaachia chenyewe kwa mlio kama wa chuma kinachopigwa nyundo.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimefunga matairi mapya ya nyuma. Ya zamani yalikuwa 8.3-24, haya mapya 9.5-24. Muuzaji wa duka moja aliniambia, "Mzee, rimu ni ileile ya inchi 24, yanaingia bila shida." Kweli yaliingia, na kwa macho trekta lilipendeza, limesimama juu kidogo. Kabla msimu haujaisha, mafuta ya difu ya mbele, lile boksi la gia la ekseli ya mbele, yalitoka yanametameta unga wa chuma. Gharama ya gia ilizidi bei ya yale matairi mawili.

Siku hizi wengi wetu huku Kusini tunanunua matrekta madogo yaliyotumika Japani, kina Kubota, Yanmar na Iseki. Ni mashine nzuri kwa kufyeka chini ya mikorosho, kupiga haro na kuvuta tela. Lakini matairi yake hayabadilishwi kama ya gari dogo. Yote manne ni seti moja iliyofungwa pamoja kwa gia, na ukigusa mawili umeyagusa yote.

Kwanza elewa kinachotokea chini ya trekta

Kwenye trekta la fowili, magurudumu ya mbele ni madogo, kwa hiyo ni lazima yazunguke mara nyingi zaidi ili yaende sawa na ya nyuma. Kiwandani wamepanga gia ili, kwa mfano, ya nyuma yakizunguka mara 10, ya mbele yazunguke mara 15. Ukienda moja kwa moja, uwiano huo haubadiliki. Hakuna difu katikati ya kuyapatanisha ya mbele na ya nyuma, kama ile iliyomo kwenye baadhi ya magari ya fowili ya barabarani.

Zaidi ya hapo, magurudumu ya mbele hupangwa yatangulie kidogo, yaani yajaribu kwenda mbali kuliko ya nyuma kwa asilimia 1 hadi 5. Yakitangulia hivyo, yanavuta na kulinyoosha trekta. Yakitangulia kupita kiasi, yanasuguana na ardhi na meno yake yanaliwa upesi. Yakibaki nyuma ni hatari zaidi: magurudumu makubwa yanayasukuma madogo, propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu mbele, inajikunja kwa nguvu, na kiwiko kinagoma kama kilivyonigomea mimi. Shambani udongo laini huficha kosa kwa sababu tairi linateleza. Kwenye lami hakuna pa kuteleza, kwa hiyo nguvu yote inaishia kwenye meno ya gia.

Hatua ya 1: Soma ulichonacho

Osha ubavu wa kila tairi kwa maji na brashi, uandike maandishi yote kwenye daftari. Tukiona 9.5-24, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi (karibu milimita 241) na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kistari katikati kinaonyesha tairi la nyuzi za mshazari. Pakiwa na herufi R badala ya kistari, hilo ni radiali, ambalo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Ukikuta 280/70R16, basi 280 ni upana kwa milimita na 70 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo.

Tafuta pia neno PR lenye namba mbele yake, kama 6PR, linaloonyesha nguvu ya tabaka. TT maana yake tairi hutumia tyubu, TL halihitaji. Tarakimu nne za mwisho wa msimbo unaoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Si kila tairi la shambani lina msimbo huo, lakini likiwa nao usome kabla hujatoa hela. Tairi lililokaa juani miaka kumi hupasuka ubavuni hata kama meno yake hayajaguswa.

Usiamini kwamba matairi uliyoyakuta ndiyo sahihi. Huenda mwenye trekta wa kabla yako, Japani au hapa, aliyabadilisha. Kitabu cha trekta, hata kikiwa cha Kijapani, namba zake za matairi zinasomeka. Tafuta ukurasa wenye jedwali lenye namba za aina hii, upige picha.

Hatua ya 2: Chaki, futi na mtu wa pili

Hapa ndipo ninapokuomba usiwe na haraka. Kazi ya saa moja inaokoa difu.

Chagua barabara ya udongo iliyonyooka, tambarare na ngumu, si lami. Jaza upepo sawa kushoto na kulia kwa kiwango chako cha kazi. Chora mstari mnene wa chaki kwenye ubavu wa tairi moja la nyuma na la mbele la upande uleule, mistari yote ielekee chini kabisa, na uchore alama ardhini chini ya kila tairi.

Toa fowili. Ingiza gia ya chini kabisa, nenda polepole bila kukata kona. Msaidizi atembee pembeni, mbali na magurudumu, akihesabu. Tairi la nyuma likimaliza mizunguko 10 kamili, simama. Pima kwa futi ndefu umbali kutoka alama ya mwanzo, kisha uugawe kwa 10. Huo ndio mzingo wa tairi la nyuma, yaani umbali linaotembea kwa mzunguko mmoja likiwa limebeba uzito. Tairi la mbele lilizunguka mara ngapi? Mzunguko wa mwisho hautakuwa kamili, kwa hiyo hesabu meno yaliyopita baada ya alama: tairi lenye meno 18 upande mmoja likipita meno 9, hiyo ni nusu.

Sasa rudi mwanzo, ingiza fowili, urudie. Mizunguko ya mbele safari hii itaamuliwa na gia peke yake, hata kama matairi uliyonayo si sahihi. Kwa hiyo umepata siri ya trekta lako bila kufungua boksi.

Trekta langu, nilipolirudishia matairi ya zamani, lilitoa namba hizi. Mizunguko 10 ya nyuma ilikuwa mita 29.6, maana yake mzingo wa nyuma ni mita 2.96. Bila fowili, mbele ilizunguka mara 14.58, kwa hiyo mzingo wake ni mita 2.03. Kwa fowili, mara 15, yaani uwiano wa gia ni 15 kwa 10, au 1.5. Chukua 15, toa 14.58, gawanya kwa 14.58: karibu asilimia 2.9. Magurudumu ya mbele yanatangulia vizuri.

Sasa weka 9.5-24 nyuma, ambayo mzingo wake ulikuwa mita 3.12. Mzingo wa mbele zidisha kwa uwiano wa gia: 2.03 mara 1.5 ni 3.045. Gawanya kwa 3.12, unapata 0.976. Imeshuka chini ya 1, yaani mbele inabaki nyuma kwa asilimia 2.4. Namba hiyo ndogo ndiyo iliyosaga gia zangu. Kama ningetaka kubaki na matairi yale makubwa, ningehitaji ya mbele yenye mzingo wa karibu mita 2.14 ili nirudi kwenye asilimia 3.

Kanuni ni hiyo moja: mzingo wa mbele mara uwiano, gawanya kwa mzingo wa nyuma. Jibu liwe kati ya 1.01 na 1.05.

Kuna jambo moja huwachanganya wengi. Tairi kipara mzingo wake ni mdogo kuliko likiwa jipya. Ukifunga mapya nyuma na kuacha vipara mbele, hata kwa saizi ileile, umeshusha utangulizi wa magurudumu ya mbele. Ukifanya kinyume umeupandisha. Kama mfuko unaruhusu jozi moja tu, piga hesabu ya pande zote mbili kwanza, ndipo uamue uanze na ipi. Na kamwe usifunge tairi moja jipya na moja kipara kwenye ekseli moja, difu itakuwa inafanya kazi hata ukienda moja kwa moja.

Mzingo wa tairi ambalo bado liko dukani utaupata kwenye jedwali la kiwanda. Mwombe muuzaji akutumie picha ya ukurasa huo kwa WhatsApp. Akikwambia "ni sawasawa tu", bado hajajibu.

Hatua ya 3: Udongo wako ndio unaochagua meno

Herufi R yenye namba 1 hadi 4 ubavuni, tofauti na ile R ya radiali, hutaja aina ya meno. R1 ni meno marefu ya mshazari, ya kulimia. R2 ni marefu zaidi, karibu mara mbili ya R1, ya matope ya mpunga. R3 ni mafupi na bapa, ya majani. R4 iko katikati, ubavu mnene, ya mizigo na ujenzi.

Mashamba yetu hayafanani. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, udongo mwingi ni wa kichanga. Mchangani meno marefu sana yakianza kuteleza yanachimba shimo, na trekta linakaa kwa tumbo. Huko napendelea R1 ya kawaida yenye upana mzuri na upepo wa wastani, siyo meno marefu kwa kuyapenda macho. Mabonde ya Lukuledi na Ruvuma yana sehemu za udongo mzito unaonata masika. Pale R1 haina mshindani, kwa sababu nafasi kati ya meno inajisafisha yenyewe gurudumu likizunguka. R4 hujaa tope ikawa kama gogo.

Anayelima mpunga, mfano wa bonde la Kitere, atashawishika na R2. Ninamshauri afikirie mara mbili kama trekta hilohilo ndilo litakalovuta tela la korosho hadi ghalani mwezi Oktoba au Novemba. R2 barabarani huliwa haraka na hutikisa mwili. Afadhali kubaki na R1 na kuongeza magurudumu ya chuma ya matopeni wakati wa kuvuruga tope, kisha kuyatoa.

Na kwa ambaye kazi yake kubwa ni kufyeka chini ya mikorosho na kubeba mizigo, R4 ni chaguo la haki kabisa. Adui yake si tope bali ni visiki. Kisiki cha mti uliokatwa kwa panga kina ncha ya mshazari, nayo huingia ubavuni, mahali ambapo kiraka hakidumu. Hapo tafuta 6PR au 8PR kabla ya kutafuta sura ya meno. Tairi la nyuzi za mshazari lina ubavu mgumu na bei yake ni nafuu, na kwa visiki ndilo ninalolitumia mimi. Radiali hushika ardhi vizuri zaidi na hulainisha mwendo, ila usichanganye radiali mbele na mshazari nyuma, kwa sababu hujikunja tofauti chini ya mzigo na hesabu yako ya chaki itavurugika.

Kumbuka pia kwamba R1 na R4 za rimu moja mara nyingi hazilingani mzingo. Ukihama aina, hama kwa magurudumu yote manne na urudie hesabu.

Hatua ya 4: Rimu

Mafundi wengine huita ringi. Kuna vipimo vitano, na kimoja kikikosekana rimu hairuhusiwi kupanda kwenye gari la mizigo kuja kwako.

Kipenyo na upana vimegongwa kwenye chuma, mfano W8x24: inchi 8 upana wa ndani, ukingo hadi ukingo, na inchi 24 kipenyo. Tairi la 9.5-24 hukaa vizuri kwenye W8, na la 8.3-24 kwenye W7. Rimu nyembamba mno hufinya tairi, meno ya katikati yakaliwa peke yake.

Tatu ni duara la matundu ya bolti. Matundu yakiwa 4, 6 au 8, pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya lile linalolikabili. Yakiwa 5 hakuna linalokabiliana, kwa hiyo pima kati ya matundu mawili jirani, katikati hadi katikati, uzidishe kwa 1.701. Mfano milimita 82 itakupa 139.5. Nne ni tundu la katikati: liwe la kuingia kwenye habu, kitovu kinachobeba gurudumu, bila kulegea wala kulazimishwa.

Tano ni kina cha sahani, yaani bamba la kati liko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Hiki ndicho wengi hukisahau. Rimu za nyuma za matrekta mengi zinaweza kugeuzwa ili kupanua au kupunguza nafasi kati ya magurudumu, na mkulima wa karanga au mihogo ya matuta anafaidika sana. Rimu za mbele za fowili usizigeuze bila kitabu kuruhusu. Ukizisukuma nje, uzito wote unahamia kwenye beringi ya nje ya habu, na ukikata kona tairi linagonga.

Ukinunua rimu iliyotumika, igonge kwa spana. Nzima inalia, yenye ufa ina sauti iliyokufa. Tazama matundu ya bolti: yakiwa yametanuka umbo la yai, iache. Huku pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, hewa ya chumvi hula rimu kuanzia ndani, mahali tairi linapofunika. Anayepulizia salfa kwenye mikorosho naye aoshe rimu baada ya kazi, maana unga wa salfa ukikaa kwenye chuma chenye unyevu hukichimba. Kutu ya juu piga msasa na upake rangi. Kutu iliyotoboa au kuacha mashimo mahali ukingo wa tairi unapokaa haina dawa.

Na hili nalisema kwa uchungu: usiruhusu mtu achomelee rimu yenye tairi juu yake, hata upepo ukiwa umetolewa. Joto hugeuza kilichomo ndani kuwa bomu.

Hatua ya 5: Kununua

Mtwara mjini na Masasi utapata saizi za kawaida, lakini kwa matrekta ya Kijapani mara nyingi utaagiza Dar es Salaam, Gerezani na Kariakoo. Ni zaidi ya kilomita 500, na kurudisha mzigo uliokosewa ni hasara juu ya hasara. Kabla ya kulipa, omba picha za ubavu wa kila tairi, siyo moja: saizi, PR, herufi R na tarehe. Kwa rimu, omba picha ikiwa na futi imewekwa juu ya matundu. Agiza na tyubu mpya zenye saizi iliyoandikwa juu yake. Tyubu ya zamani iliyotanuka hujikunja ndani ya tairi jipya, na mkunjo huo ndio pancha yako ya wiki ijayo.

Hatua ya 6: Kufunga

Egesha mahali pagumu, weka breki, kinga magurudumu yanayobaki kwa mawe makubwa mbele na nyuma. Legeza nati kabla ya kuinua. Jeki ikishainua, weka gogo nene au stendi chini ya ekseli. Chini ya trekta lililoshikwa na jeki tupu hakuna mtu anayepaswa kuingiza hata mkono.

Mshale ubavuni unaonyesha upande wa kuzunguka. Kama umefutika, simama nyuma ya trekta utazame meno: yafanye V iliyopinduliwa, ncha juu. Hiyo ni kwa magurudumu yote manne, kwa sababu ya mbele nayo yanavuta.

Paka ukingo wa tairi maji ya sabuni, jaza upepo taratibu mpaka ukae. Usizidi psi 35 wakati wa kukalisha. Likikataa, toa upepo, paka sabuni tena, anza upya. Kuna mafundi pancha humwaga petroli na kuwasha moto ili tairi "lipige" lenyewe. Mkatalie. Simama pembeni ya tairi unapojaza, usikae mbele ya ubavu wake. Likishakaa, shusha hadi upepo wa kazi ulioandikwa kwenye kitabu.

Kaza nati kwa kuvuka, ile inayokabili kwanza, siyo kwa mzunguko. Baada ya saa moja ya kazi kaza tena, na baada ya saa kumi kaza tena. Rimu mpya hujikalisha, na nati za nyuma ndizo hulegea kimyakimya.

Kama unahitaji uzito nyuma kwa ajili ya jembe la sahani, jaza maji kwenye tyubu: valvu iwe juu kabisa, jaza mpaka maji yafike usawa wake, karibu robo tatu ya tairi. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Huku kwetu hakuna barafu, maji matupu yanatosha, hakuna haja ya chumvi ambayo ingekula rimu.

Hatua ya 7: Rudia chaki

Siku hiyohiyo, kabla trekta halijaenda shambani, rudia mizunguko 10 bila fowili na kwa fowili. Ukikuta umepungukiwa kidogo, upepo unaweza kusaidia: kuongeza mbele au kupunguza nyuma, ndani ya mipaka iliyoandikwa, hubadilisha mzingo kwa kiasi kidogo. Upepo hauwezi kurekebisha saizi isiyo yake.

Kisha inua boneti na uandike kwa rangi upande wa ndani: uwiano wa gia, mzingo wa mbele, mzingo wa nyuma, na tarehe. Mimi nimeandika pia chini yake, kwa herufi kubwa, TOA FOWILI KWENYE LAMI, kwa sababu si mimi peke yangu ninayeliendesha.